Fender 400 iliyodaiwa kuwa ya 1962: uchambuzi wa kisa kimoja

Gitaa lenyewe ni la stili lenye pedali, yaani gitaa la kulazwa linalopigwa kwa kipande cha chuma, na pedali zake hukaza au kulegeza nyuzi: shingo moja, nyuzi 8, pedali 6, rangi nyeusi, nembo imeng'olewa na kuacha matundu tu. Lilikuja na sanduku lake la kubebea na maelezo mafupi ya muuzaji kwamba ni Fender 400 ya mwaka 1962. Ushahidi wake ulikuwa picha moja iliyopigwa chini ya bamba la vidhibiti, ikionyesha mgongo wa potenshiometa (kidhibiti cha kuzungusha cha sauti au toni) wenye chapa 304 6244. Anayezijua alama hizo husoma mara moja: 304 ni mtengenezaji Stackpole, 62 ni mwaka 1962, 44 ni wiki ya arobaini na nne. Mwaka huo una uzito sokoni. CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, iliinunua kampuni ya Fender Januari 1965, na vyombo vya kabla ya hapo ndivyo wakusanyaji wanavyovikimbilia.

Picha haikuwa ya kughushi, na chapa ilisomwa sawasawa. Hata hivyo gitaa si la 1962. Potenshiometa ile ni kuukuu kuliko gitaa lenyewe, na iliingizwa humo miaka mingi baada ya gitaa kutoka kiwandani. Kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu kosa lililofanyika ni la kawaida mno: kuokota tarehe moja iliyo kongwe na kuivisha chombo kizima. Kanuni iko kinyume kabisa. Chombo hakiwezi kuwa kikongwe kuliko sehemu yake ya asili iliyo changa kuliko zote. Kazi yote, basi, iko katika neno asili: ni sehemu zipi zilitoka kiwandani pamoja na gitaa, na zipi zilifuata baadaye.

Kulitambua bila nembo

Kabla ya kuuliza mwaka, ilibidi kuthibitisha kiwanda. Nembo haikuwepo, na matundu mawili ya skrubu hayasemi jina la mtu. Kinachosema ni mitambo ya chini.

Stili zenye pedali za Marekani hutofautiana zaidi kwa jinsi pedali inavyoufikia uzi kuliko kwa sura ya nje. Kwenye gitaa hili mvuto haupiti kwenye fimbo ngumu. Unapita kwenye kebo nyembamba za chuma, za aina ile ya breki ya baiskeli, zinazokimbia ndani ya fremu ya alumini hadi kwenye chenja, yaani kile kifaa cha mwisho wa nyuzi chenye vidole vinavyokaza au kulegeza kila uzi. Nyuzi 8 kwa shingo moja, mvuto wa kebo, na fremu ya alumini inayobeba bodi ya mbao: mambo hayo matatu yakikutana, jibu ni Fender ya Fullerton, California, na kwa shingo moja ya nyuzi 8 jibu ni modeli 400. Modeli 1000, iliyoanza 1957, ina shingo mbili za nyuzi 8. Modeli 800 na 2000 zilizofuata katika miaka ya 1960 zina nyuzi 10 kwa kila shingo.

Watengenezaji wengine waliondolewa haraka. Multi-Kord ya Harlin Brothers wa Indianapolis kwa kawaida ni ya nyuzi 6. Stili za Paul Bigsby wa Downey, California, aliyemtengenezea mpigaji Speedy West chombo chake mwaka 1948, zilijengwa moja moja kwa oda na hazitumii kebo za namna hii. Emmons ya Burlington, North Carolina, ilijulikana kwa chenja inayosukuma upande mmoja na kuvuta upande mwingine kwa fimbo. Sho-Bud ya Nashville na MSA ya Dallas nazo ni watu wa fimbo. Mtu akilala chini ya gitaa na tochi kwa dakika tano, nusu ya ubishi wa aina hii huisha.

Tahadhari moja hapa. Kuna wanaosema nyuzi 8 ni dalili ya ukongwe, kwa sababu kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 wapigaji wengi walikuwa wamehamia nyuzi 10. Kwa watengenezaji wengine hoja hiyo ina nguvu. Kwa Fender haina, kwa sababu 400 iliendelea kutolewa na nyuzi 8 hadi miaka ya 1970. Muundo wa zamani uliobaki kwenye orodha ya mauzo haukupi mwaka.

Kufungua bila kuharibu ushahidi

Kila kilichofuata kilihitaji kufunguliwa, na hapo ndipo ushahidi mwingi hupotea. Picha zilipigwa kwanza, za jumla na za karibu, kabla ya skrubu hata moja kuguswa. Kila kebo ilifungwa kipande cha utepe wa karatasi chenye namba mbili: ya pedali na ya uzi. Pedali 6 na nyuzi 8 hutoa miunganiko mingi kiasi kwamba kumbukumbu ya kichwa haitoshi. Ndoano ya kebo ikirudishwa mahali pasipo pake, uzi uliokuwa ukipanda utashuka.

Nyuzi zililegezwa zote kidogo kidogo kwa zamu, mzunguko mmoja mmoja. Zikiondolewa upande mmoja kwanza, springi za chenja huvuta vidole bila kizuizi na ndoano za kebo huchomoka zenyewe, kisha mtu hushindwa kujua zilikuwa wapi. Vumbi halikufutwa. Vumbi lililoshikamana na mafuta juu ya ungio la lehemu ni ushahidi sawa na chapa yenyewe, na kitambaa chenye spiriti hulimaliza kwa sekunde moja.

Urefu wa uzi

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha rula. Fender 400 na 1000 za mwanzo zina urefu wa uzi wa inchi 24.5, sawa na milimita 622. Za baadaye ni inchi 23, sawa na milimita 584. Njia ya kupima ni kutoka kwenye daraja la upande wa vigingi hadi mstari wa 12 wa ubao wa alama (ubao ulio chini ya nyuzi wenye mistari ya noti), kisha kuzidisha mara mbili. Gitaa hili lilitoa milimita 292, yaani 584 kwa jumla.

Kipimo kilirudiwa hadi kileleni mwa kidole cha chenja, pale uzi unapogusa, kwa sababu ubao wa alama ni kipande cha juu tu na unaweza kubadilishwa. Ubao wa inchi 24.5 ukiwekwa kwenye gitaa la inchi 23, mstari wa 12 unapotea kwa milimita 19 hivi, na mpigaji atausikia upotovu huo kabla hajauona. Hapa vipimo viwili vilikubaliana, kwa hiyo urefu ni wa asili.

Hilo linaliondoa gitaa kwenye kundi la mwanzo, lile la inchi 24.5. Haliamui peke yake kati ya 1962 na miaka iliyofuata, na si haki kulilazimisha liamue.

Potenshiometa mbili, tarehe mbili

400 ina vidhibiti viwili, sauti na toni, na hapo ndipo gitaa hili lilipojieleza.

Chapa za potenshiometa za Marekani hufuata utaratibu mmoja. Tarakimu tatu za kwanza ni za mtengenezaji: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, 134 ni Centralab. Zinafuatwa na mwaka, kisha wiki. Katika miaka ya 1940 na 1950 mwaka uliandikwa kwa tarakimu moja, hivyo 304 831 ni wiki ya 31 ya 1948 au ya 1958, na muundo wa chombo ndio unaochagua. Baadaye mwaka ukawa tarakimu mbili. Mara nyingi kuna mstari mwingine wa namba, ambao ni thamani ya ukinzani au namba ya oda ya mteja. Huo hauhusiani na tarehe. Ukisoma na kupata wiki ya 67, umesoma mstari usio wake. Lehemu nayo hupenda kufunika tarakimu ya katikati, na 6 iliyofunikwa nusu hugeuka 0 au 8 machoni mwa mwenye matumaini. Mwanga wa pembeni na kioo cha kukuzia vinatosha. Kukwangua hakuruhusiwi, wala kupasha moto lehemu ya asili ili kuona kilicho chini yake. Ungio lililopashwa moto haliwezi tena kutoa ushahidi.

Potenshiometa ya toni ndiyo iliyopigwa picha na muuzaji: 304 6244. Ya sauti, ambayo haikuonekana kwenye picha, ilisomeka 137 6632: CTS, wiki ya 32 ya 1966, yaani mwanzoni mwa Agosti.

Tarehe mbili zenye pengo la karibu miaka minne ndani ya bamba moja haziwezi kupita bila maelezo. Yako matatu. Huenda kiwanda kilitumia sehemu iliyokaa ghalani. Huenda ya 1962 ni ya asili na ya 1966 iliwekwa na fundi. Au ya 1966 ni ya asili na ya 1962 iliwekwa na fundi aliyeitoa kwenye chombo kingine kilichochakaa. Hisabati haichagui kati ya hayo. Kinachochagua ni maungio.

Kwenye potenshiometa ya sauti, lehemu ilikuwa imefifia na kuwa ya kijivu, laini pembezoni, na vumbi limeshikamana juu yake bila mkato. Waya wake ulikuwa na ganda la kitambaa, la aina inayosukumwa nyuma kwa vidole badala ya kuchunwa kwa koleo. Waya wa ardhi uliolehemewa mgongoni mwa ganda la potenshiometa ulikaa ndani ya tone moja la lehemu, na chini yake hapakuwa na mabaki ya tone la awali.

Kwenye ile ya toni mambo yalikuwa kinyume. Lehemu iling'aa. Pembeni mwa miguu kulikuwa na fluksi, utomvu wa kusaidia lehemu kushika, ya rangi ya kahawia iliyoganda na kupasuka, bila vumbi chini yake. Waya mmoja ulikuwa wa ganda la plastiki, umeunganishwa katikati ya njia na kipande cha waya wa kitambaa kilichokatwa kifupi. Mgongoni mwa ganda palikuwa na madoa mawili ya lehemu yasiyoshika kitu chochote. Hayo ni mabaki ya maungio ya chombo kingine, na ndiyo yaliyomaliza shauri: potenshiometa mpya kutoka sandukuni haina lehemu mgongoni isiyofanya kazi. Na nati yake, chini ya bamba, iliacha duara la mikwaruzo juu ya duara jingine pana kidogo, alama ya nati iliyokuwapo kabla yake.

Maelezo ya tatu ndiyo yanayosimama. Ya 1966 ni ya asili, na ya 1962 ni mgeni. Mpaka wa chini wa gitaa unakuwa Agosti 1966, kwa maana kwamba halikuweza kukamilika kabla ya hapo.

Kosa la pili lingekuwa kuandika "1966" na kufunga daftari. Tarehe ya potenshiometa ni siku ya kuzaliwa ya potenshiometa. Sehemu husafiri, hukaa ghalani, husubiri zamu. Kwa Fender ya miaka hiyo jambo hili ni kubwa kuliko kawaida: magitaa yake mengi yaliyokamilika 1967, 1968 na hata 1969 hubeba potenshiometa za CTS za 1966, kwa kuwa kampuni ilinunua shehena kubwa mwaka huo baada ya CBS kuingia. Chapa ya 6632, kwa hiyo, hufungua mlango wa 1966 na kuuacha wazi hadi mwisho wa muongo.

Kutafuta mpaka wa juu

Ikiwa potenshiometa huweka mpaka wa chini, mpaka wa juu lazima utoke kwenye kitu ambacho kiwanda kiliacha kukitumia. Hapa kilikuwa waya. Fender ilitumia waya wa ganda la kitambaa kwa miaka mingi na kuhamia kwenye plastiki mnamo 1968. Waya wa pikapu (kinasa sauti ya nyuzi), wa soketi na wa ardhi katika gitaa hili vyote ni vya kitambaa, vyote vina lehemu ya kijivu isiyoguswa. Kile kipande kimoja cha plastiki ni cha fundi wa potenshiometa ya toni. Ni hoja ya uwezekano zaidi kuliko ya uhakika, kwa sababu karakana haitupi waya uliobaki siku ya mabadiliko, lakini inavuta makisio kuelekea 1966 hadi 1968 badala ya 1969.

Rangi haikusaidia sana. Nyeusi iliyopo ni ya kupaka upya: imeingia ndani ya matundu ya skrubu, jambo ambalo rangi ya kiwandani haifanyi pale matundu yanapotobolewa baada ya kupaka. Chini ya bamba la pikapu palibaki ukanda wa rangi ya asili, manjano inayozama kwenye kahawia na kisha nyeusi ukingoni, yaani mpako wa machweo uliokuwa wa kawaida kwa stili hizi. Tone dogo la asetoni lilipakwa hapo kwa kijiti cha pamba. Rangi ililainika na kushika pamba, kwa hiyo ni lakeri ya nitroselulosi. Poliesta, ambayo Fender ilianza kuitumia mnamo 1968, isingelainika. Kipimo hiki husema kwa upande mmoja tu. Lakeri iliyopulizwa juzi nayo huyeyuka, kwa hiyo kinafaa pale tu ukanda wenyewe unapoonekana kuwa wa kiwandani kwa sababu nyingine.

Ukinzani wa pikapu ulipimwa kwa multimita na kuandikwa, kwa ajili ya matengenezo ya baadaye tu. Namba ile haitaji mwaka, na kuitumia kutaja mwaka ni kujidanganya.

Yaliyokaribia kupotosha

Skrubu nne za bamba la vidhibiti zilikuwa za mfuo mmoja, na kuna waliozihesabu kuwa dalili ya ukongwe. Fender ilikuwa imehamia skrubu za kichwa cha nyota tangu miaka ya mwanzo ya 1950, kabla 400 haijakuwepo. Zile nne ni za dukani. Zilizobaki zote chini ya fremu ni za nyota, na zimekaa kwenye matundu yasiyopanuka.

Namba ya mfululizo ilijaribiwa na wanunuzi watarajiwa kwenye majedwali ya Stratocaster na Telecaster, magitaa ya kawaida ya Fender, ikawapa mwaka wa miaka ya 1950. Majedwali yale yalijengwa juu ya bamba linalofunga shingo ya gitaa. Stili haina shingo ya kufungwa, haina bamba hilo, na namba zake haziko kwenye mfululizo ule. Namba hiyo inafaa kuandikwa kwenye kumbukumbu za chombo na kutumiwa kulinganisha stili kwa stili zenye tarehe zilizothibitishwa, si zaidi.

Pedali nazo zilileta swali. Nne zimechakaa kwa namna moja, kromu imekwisha pale unyayo unapokaa. Mbili za mwisho zina kromu nzima, na kebo zake hazina kutu waliyonayo wenzake. 400 iliuzwa kwa idadi tofauti za pedali kuanzia 4, na za nyongeza ziliweza kufungwa baadaye. Mpangilio wa ndoano, yaani pedali ipi inapandisha uzi upi, unaonyesha tu mpigaji wa mwisho alitaka nini. Ndoano huhamishwa kwa dakika chache, na kuusoma mpangilio huo kama mapenzi ya kiwanda ni kumsikiliza mtu asiyehusika.

Sanduku na safari ya gitaa

Kwa swali la gitaa lilipita wapi, sanduku lilikuwa na maneno zaidi. Ndani ya kifuniko kulikuwa na stika ya duka la muziki la Texas, yenye anwani ya mji na tarakimu tano za posta. Utaratibu wa tarakimu tano ulianza Marekani Julai 1963. Kabla yake miji mikubwa ilitumia namba ya kanda yenye tarakimu moja au mbili. Namba ya simu kwenye stika ilikuwa ya tarakimu tupu, bila herufi mbili za mwanzo ambazo ziliendelea kufutwa katika muongo ule wa 1960.

Stika iliyochapishwa baada ya Julai 1963 ndani ya sanduku la gitaa lililodaiwa kuwa la 1962 si ushahidi wa kutosha peke yake, kwa sababu masanduku hubadilishana magitaa, na duka huweza kubandika stika kwenye kitu kilichotumika. Ndiyo maana umbo lilikaguliwa: miguu na pedali zimeacha mikwaruzo kwenye bitana pale pale zinapokaa leo, na hakuna mikwaruzo mingine isiyo na mwenyewe. Sanduku na gitaa vimeishi pamoja kwa muda mrefu. Stika inataja mahali lilipouzwa au kupita, Texas. Mahali lilipotengenezwa panabaki Fullerton. Mambo hayo mawili huchanganywa mara kwa mara katika matangazo ya mauzo.

Jinsi ya kuliandika

Maelezo yaliyokubalika yaliandikwa hivi: Fender 400, nyuzi 8, urefu wa uzi inchi 23, Fullerton, California. Halikukamilika kabla ya Agosti 1966, na inaelekea sana ni la kati ya 1966 na 1968. Potenshiometa ya sauti ya asili, CTS 137 6632. Potenshiometa ya toni imebadilishwa, Stackpole 304 6244. Rangi imepakwa upya, mabaki ya mpako wa machweo chini ya bamba la pikapu. Nembo haipo. Skrubu nne za bamba si za asili. Pedali mbili kati ya sita zimeongezwa. Sanduku lina stika ya Texas ya baada ya Julai 1963.

Mnunuzi aliyetaka chombo cha kabla ya CBS hatakipata hapa, na bei inapaswa kushuka kulingana na hilo na rangi. Kama chombo cha kupigwa gitaa liko vizuri: vidole vya chenja havijaliwa, kebo za pedali nne za awali zinahitaji kubadilishwa kwa kutu, fremu haina ufa. Sneaky Pete Kleinow, mpigaji stili wa bendi ya Flying Burrito Brothers, alipiga Fender 400 ya nyuzi 8 wakati wenzake wengi wakiwa kwenye nyuzi 10, na hakuna aliyewahi kulalamika juu ya sauti yake.

Potenshiometa ya Stackpole haikutolewa. Inafanya kazi, na kuitoa kungeharibu maungio ya waya wa kitambaa yaliyobaki. Ilifungwa lebo ya karatasi kwa uzi, yenye maneno "si ya asili", ili picha inayofuata chini ya bamba lile isisomwe tena kama hati ya kuzaliwa. Kitu pekee kinachoweza kubana zaidi makisio ni tarehe iliyoandikwa au kupigwa muhuri kwenye pikapu au ndani ya bodi chini yake. Pikapu haikung'olewa, kwa kuwa waya wake wa asili ni mfupi na ungelazimika kukatwa. Siku pikapu itakapohitaji kuzungushiwa waya upya, atakayeifungua atazame hapo kwanza.